Kuandaa konsoli na laini za kuingilia kwenye FreeBSD

Seva ya FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) ikipoteza mtandao, SSH, njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao, haikusaidii kitu. Kinachobaki ni laini za terminali: skrini na kibodi vilivyochomekwa kwenye mashine yenyewe, au kebo ya siriali inayotoka nyuma yake. Wasimamizi wengi huziacha laini hizi kama zilivyokuja hadi siku ya dharura. Siku hiyo ndipo wanapogundua kwamba mlango wa siriali haujibu, au, kwa ubaya zaidi, kwamba yeyote anayeifikia mashine anaweza kuiwasha upya na kuwa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, bila kuulizwa nenosiri. Mwongozo huu unakusaidia kuifanya kazi hiyo mapema, mashine ikiwa nzima na mtandao ukiwa hewani.

Mifano yote ni ya FreeBSD. OpenBSD na NetBSD nazo zina faili la /etc/ttys na mpangilio unaofanana, ila majina ya vifaa hutofautiana, kwa hiyo usinakili mistari ya hapa kwenda huko bila kuangalia.

Elewa kwanza nani anamwita nani

Mchakato wa kwanza kabisa kwenye mfumo ni init, wenye namba 1. Mfumo ukishamaliza kuwaka, init husoma /etc/ttys, na kwa kila laini iliyoandikwa kuwa iko wazi huanzisha programu iitwayo getty. Kazi ya getty ni kufungua laini, kuweka kasi yake, kuandika ujumbe wa kukaribisha pamoja na neno `login:`, kisha kusubiri. Mtu akiandika jina lake, getty inaikabidhi kazi kwa login, ambayo huuliza nenosiri na kumpa mtumiaji shell yake (programu ya kupokea amri). Akitoka, init hupata habari na kuanzisha getty mpya kwenye laini ileile.

Ukiukariri mnyororo huo, hitilafu nyingi utazitambua bila kubahatisha. Huoni `login:` kabisa? Tatizo liko kwa init au getty, au kwenye waya. Unaona `login:` lakini unakataliwa? Hilo ni la login na kanuni za PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji. SSH haimo kwenye mnyororo huu: sshd hujitengenezea terminali zake zilizo chini ya /dev/pts, na haihitaji getty. Ndiyo maana ni salama kulihariri faili hili ukiwa umeingia kwa SSH, na si salama kulihariri ukiwa umekaa kwenye konsoli pekee uliyonayo.

Hatua ya 1: weka nakala na ubaki na mlango mmoja wazi

Ingia kwa SSH, jipandishe kuwa root, na uuache huo ukurasa wazi mpaka umalize kila kitu. Kisha:

```
cp -p /etc/ttys /etc/ttys.asili
cp -p /etc/gettytab /etc/gettytab.asili
```

Jaribio lolote utakalofanya, lifanye kutoka laini nyingine. Usiufunge ukurasa huo wa kwanza hata kama kila kitu kinaonekana kimekaa sawa.

Hatua ya 2: lisome faili la /etc/ttys

Mistari yake inafanana na hii:

```
console none                         unknown off secure
ttyv0   "/usr/libexec/getty Pc"      xterm   onifexists secure
ttyv1   "/usr/libexec/getty Pc"      xterm   onifexists secure
ttyv8   "/usr/local/bin/xdm -nodaemon" xterm off secure
ttyu0   "/usr/libexec/getty 3wire"   vt100   onifconsole secure
```

Safu ya kwanza ni jina la kifaa kilichomo ndani ya /dev. Ya pili ni amri ambayo init itaiendesha, na neno linalofuata getty (`Pc`, `3wire`) ni jina la mpangilio uliomo kwenye /etc/gettytab. Ya tatu ni aina ya terminali, yaani thamani ya TERM atakayopewa mtumiaji. Zinazobaki ni hali ya laini.

Laini za ttyv ni skrini pepe za mashine yenyewe, zile unazozibadilisha kwa Alt+F1, Alt+F2 na kuendelea. Laini za ttyu ni milango ya siriali: ttyu0 ndiyo inayoitwa COM1 kwenye kompyuta za PC, ttyu1 ni COM2. Kwenye miongozo ya zamani, kabla ya FreeBSD 8, utakuta ttyd0 badala ya ttyu0. Adapta ya USB inayotoa mlango wa siriali hujitokeza kama ttyU0, kwa U kubwa, na tofauti hiyo ya herufi moja imewapotezea watu muda mwingi.

Maneno ya hali ni haya. `on` na `off` yanajieleza. `onifexists` hufungua laini ikiwa tu kifaa kipo. `onifconsole` huifungua ikiwa tu kerneli (kiini cha mfumo) inakitumia kifaa hicho kama konsoli. Hili la mwisho ndilo huwashangaza wengi: mtu anachomeka kebo kwenye COM1, haoni chochote, ilhali mstari wa ttyu0 upo pale na unaonekana mzima. Kerneli haijaambiwa kwamba ttyu0 ni konsoli, basi init haina sababu ya kuweka getty hapo.

Hatua ya 3: amua juu ya neno secure

Nakuomba usiipite hatua hii haraka. Neno `secure` lina maana mbili kutegemea liko mstari gani.

Kwenye laini za kawaida, `secure` huruhusu root kuingia moja kwa moja kwa jina lake. Likiondolewa au likiandikwa `insecure`, root hukataliwa hata akiandika nenosiri sahihi. Inabidi uingie kama mtumiaji wa kawaida aliye katika kundi la wheel (wanaoruhusiwa kujipandisha kuwa root), ndipo utumie `su -`. Mimi huliondoa kwenye laini zote za siriali na kuliacha kwenye ttyv0 peke yake. Faida yake ni kwamba /var/log/auth.log itaonyesha ni nani hasa aliyejipandisha kuwa root, badala ya kuonyesha root tu.

Lakini kuna sharti. Hakikisha yupo angalau mtumiaji mmoja wa wheel ambaye akaunti yake na saraka yake ya nyumbani vimo kwenye diski ya mashine hiyohiyo. Kama watumiaji wako wote wanatoka kwenye LDAP au NIS (orodha za watumiaji zinazotunzwa kwenye seva nyingine), mtandao ukikatika hakuna atakayetambulika, na utakuwa umejifungia nje wakati uleule ulioiandalia laini hii.

Kwenye mstari wa `console`, maana ni nyingine. Hapo `secure` ina maana kwamba unamwamini kila mtu anayeweza kuifikia konsoli, kwa hiyo mfumo ukiwashwa katika hali ya mtumiaji mmoja (hali ya matengenezo, yenye root peke yake), root hapewi swali la nenosiri. Mtu anawasha upya mashine, anachagua hali hiyo kwenye menyu, anabonyeza Enter, na mashine ni yake. Kwa seva iliyo kwenye chumba kinachopitiwa na watu, badilisha:

```
console none                         unknown off insecure
```

Kuanzia hapo nenosiri la root litahitajika. Likisahaulika, itabidi uwashe mashine kwa diski ya usakinishaji ili kulibadilisha, basi liandike na ulihifadhi mahali salama. Na tusijidanganye juu ya kinga hii: mwenye muda na bisibisi anaweza kuichomoa diski na kuisoma kwingine. Anayelihofia hilo atumie usimbaji wa diski nzima kwa GELI.

Hatua ya 4: ifanye siriali kuwa konsoli

Kwanza hakikisha kerneli imeuona mlango:

```
dmesg | grep uart
```

Ukipata mstari wa uart0 wenye `port 0x3f8` na `irq 4`, hiyo ni COM1. Kisha fungua /boot/loader.conf na uongeze:

```
boot_multicons="YES"
boot_serial="YES"
comconsole_speed="115200"
console="comconsole,vidconsole"
```

Mashine ikiwaka kwa UEFI (programu ya kuwashia ya kompyuta za kisasa), andika `efi` badala ya `vidconsole`. Kasi iandike waziwazi hata kama unaamini ndiyo ya kawaida, kwa sababu matoleo yaliyopita yalitumia 9600, na kasi zisipolingana utaona herufi za ajabu tu kwenye skrini.

Kwa `boot_multicons`, ujumbe wa kerneli hutokea kwenye skrini na kwenye siriali kwa pamoja. Lakini ujumbe wa huduma zinapoanza, pamoja na shell ya hali ya mtumiaji mmoja, huenda kwenye konsoli kuu moja tu, na `boot_serial` ndiyo inayoifanya siriali kuwa kuu. Mtu aliyesimama mbele ya skrini ataona ujumbe unasimama katikati na kudhani mashine imeganda. Kama mnasimamia mashine hiyo mkiwa wengi, waambie wenzako.

Ukishawasha upya, amri ya `conscontrol` bila neno lingine itakuonyesha konsoli zinazotumika. Ttyu0 inapaswa kuwamo.

Kwa seva zenye kadi ya IPMI (ya kuisimamia seva kwa mbali) huna haja ya kebo: siriali hupitishwa kwenye mtandao wa kadi kwa `ipmitool -I lanplus -H anwani -U jina sol activate`. Angalia tu mlango ambao kadi inautumia, maana mara nyingi si COM1 bali COM2, na hapo kila nilichokiita ttyu0 kitakuwa ttyu1.

Hatua ya 5: chagua mpangilio wa getty unaolingana na kebo yako

Hapa ndipo laini nyingi za siriali hufia. Kebo rahisi ya siriali ina nyaya tatu: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Kwenye plagi ya pini 9 hizo ni pini ya 3, ya 2 na ya 5, na kati ya kompyuta mbili ya kutuma lazima ivuke kwenda kwenye ya kupokea ya upande wa pili. Kebo ya namna hiyo haina waya wa kuashiria kwamba upande wa pili uko hai.

Mipangilio ya familia ya `std`, kwa mfano `std.115200`, huusubiri waya huo. Getty hufungua kifaa na kukaa kimya ikingoja ishara ambayo haitafika kamwe. Familia ya `3wire` ina alama ya `nc` inayoiambia getty isiisubiri ishara hiyo. `3wire` bila namba ina pia `sp#0`, maana yake iiache kasi kama kerneli ilivyoiweka, na hilo linafaa sana laini ikiwa ni konsoli. Kama si konsoli, taja kasi: `3wire.115200`.

Kujua kama getty imekwama kwa sababu hiyo, uliza:

```
ps -axo pid,tt,mwchan,command | grep '[g]etty'
```

Ukiona `ttydcd`, inasubiri ishara ya waya. Badilisha mpangilio au kebo. Ukiona `ttyin`, imeshafungua laini na inasubiri mtu aandike, kwa hiyo tafuta kosa upande wako.

Unaweza pia kutengeneza mpangilio wako. Ongeza mwishoni mwa /etc/gettytab:

```
ofisi.115200:\
	:im=\r\n%h, laini %t\r\nKwa wenye ruhusa tu.\r\n\r\n:\
	:np:nc:sp#115200:
```

`%h` hugeuka kuwa jina la mashine na `%t` jina la laini. Ukiwa na seva kadhaa zinazofanana, mistari hiyo miwili itakuepusha na kuzima mashine isiyo yako. Usiweke alama ya nukta mbili ndani ya ujumbe, kwa sababu ndiyo inayotenganisha sehemu za faili hili.

Humo humo utakuta mipangilio inayoanza na `al.`, kama `al.Pc`, ambayo humwingiza root moja kwa moja bila swali. Inafaa kwenye mashine pepe ya majaribio iliyo ndani ya kompyuta yako. Kwenye seva ya kazi, usiiguse.

Hatua ya 6: andika mstari na umwarifu init

```
ttyu0   "/usr/libexec/getty ofisi.115200"   vt100   on   insecure
```

Kwa siriali, `vt100` ni chaguo salama: terminali ya DEC ya mwaka 1978 ambayo karibu kila programu ya leo inajua kuiiga. Kisha:

```
kill -HUP 1
```

Angalia herufi unazoandika. `kill 1` bila HUP hutuma TERM, na init ikipokea TERM huishusha seva nzima hadi hali ya mtumiaji mmoja, watumiaji wote wakitolewa.

Inafaa ujue init hufanya nini hasa ikipokea HUP, kwa kuwa haitendi sawa kwa mabadiliko yote. Laini iliyokuwa `off` na sasa ni `on` hupata getty papo hapo. Laini iliyozimwa, aliye juu yake hukatwa. Lakini ukibadilisha amri tu, tuseme kutoka `3wire` kwenda `ofisi.115200`, getty ya zamani inaendelea mpaka kipindi kilichopo kiishe. Itafute kwa ps na uiue kwa namba yake, init itaanzisha mpya yenye mpangilio mpya. Na ukiufuta mstari au kuutangulizia alama ya `#`, init haifanyi lolote kwa laini hiyo. Anayetaka kuifunga laini aandike `off`, asifute mstari.

Kama kuna kosa kwenye amri, kwenye kumbukumbu utaona `getty repeating too quickly on port`, ikifuatwa na taarifa ya kulala kwa sekunde 30. Maana yake getty inakufa mara tu inapozaliwa. Chunguza njia ya programu, alama za nukuu, na kama kifaa kipo kweli ndani ya /dev.

Hatua ya 7: jaribu kutoka upande wa pili

Kwenye kompyuta nyingine ya FreeBSD, jiweke kwanza kwenye kundi linaloruhusiwa kutumia milango ya kupigia, kisha ingia upya:

```
pw groupmod dialer -m jina_lako
cu -l /dev/cuaU0 -s 115200
```

Tumia cua, si tty: kifaa cha cua ni cha kuanzisha mawasiliano, cha tty ni cha kuyapokea. Bonyeza Enter mara moja au mbili. Kutoka, andika `~.` mwanzoni mwa mstari. Kama umefika kwenye kompyuta hiyo kwa SSH, andika `~~.`, la sivyo ni SSH itakayokatika.

Herufi zikija zimevurugika, kasi hazilingani. Zikija safi lakini unachoandika hakifiki, zima udhibiti wa mtiririko wa maunzi kwenye programu unayotumia, kisha kagua waya wa kutuma. Ukiingia na kukuta vim inatumia robo tu ya dirisha, endesha `resizewin`. Siriali haina njia ya kuuambia mfumo ukubwa wa dirisha lako.

Hatua ya 8: punguza wanaoruhusiwa

Ukitaka siriali iwe ya wasimamizi pekee, ongeza kwenye /etc/login.access:

```
-:ALL EXCEPT wheel:ttyu0
```

Mstari wa kwanza unaolingana ndio unaofuatwa, na asiyetajwa popote huruhusiwa. Jaribu kwa akaunti mbili, moja iliyo ndani ya wheel na moja iliyo nje.

Skrini pepe nazo zinahitaji nidhamu. Laini nane zilizo wazi ni nyingi kwa seva. Acha ttyv0 na ttyv1, nyingine ziandike `off`. Ukilazimika kuondoka kidogo ukiwa umeingia, `lock -npv` hufunga skrini kwa nenosiri lako na kuzuia kuhamia skrini pepe nyingine. Mara moja moja pitia `last -t ttyu0` uone nani ameitumia laini.

Ukijifungia nje

Washa upya na uchague hali ya mtumiaji mmoja kwenye menyu. Kwa mfumo wa faili wa UFS, kagua diski kwanza kwa `fsck -p`. Kwa ZFS ruka hilo. Kisha:

```
mount -u /
cp -p /etc/ttys.asili /etc/ttys
cp -p /etc/gettytab.asili /etc/gettytab
exit
```

Ukiandika exit, init inasoma faili lililorudishwa na mfumo unaendelea kuwaka hadi `login:`. Nakala ya gettytab irudishe pamoja na ile ya ttys, kwa sababu mstari wa zamani unaoita mpangilio uliouharibu utakurudisha palepale. Kama uliifanya siriali kuwa konsoli kuu, kumbuka kwamba shell ya kufanyia haya yote itatokea huko, si kwenye skrini. Kama siriali yenyewe ndiyo haifanyi kazi, bonyeza 3 kwenye menyu ya kuwashia ili upate mstari wa amri wa kianzishi, uandike `set boot_serial=NO` na `set console=vidconsole` (au `efi`), halafu `boot -s`.